Nano ni ndogo kiasi gani jamani?

Pale Mwanjelwa, Mbeya, ukikatiza kwenye vibanda vya mafundi simu neno nano utalisikia mpaka uchoke, laini ya nano, protekta ya nano, sijui dawa ya kupaka kwenye kioo nayo nano, na kuna kijana nimemsikia anamwambia mteja "mama chukua hii, hii ni nano kabisa, haipasuki" kama vile nano ni aina ya chuma.

Sasa hili neno asili yake ni Kigiriki, nanos, yaani mbilikimo. Waroma wakalichukua wakawa wanasema nanus, na Mtaliano mpaka leo akisema nano anamaanisha mbilikimo. Huko kote hakuna kipimo chochote, ni ufupi tu. Kazi maalumu lilikuja kupewa mwaka 1960 kwenye mkutano mkuu wa vipimo kule Paris, ule uliouzaa mfumo wa SI, yaani vipimo vya kimataifa kama mita na kilo, hapo ndo ikaamuliwa nano ni sehemu moja ya bilioni basi, yaani chukua mita moja igawe mara bilioni, kipande kimoja hapo ndo nanomita. Giga (jitu) na tera (dubwana) nao walipitishwa mkutano huohuo, yaani dunia nzima tunapima kwa majina ya hadithi za kutishia watoto. Femto na atto, ambazo ni ndogo kuliko hata nano, zilikuja 1964, hizo zimetoka kwenye maneno ya Kidenishi ya kumi na tano na kumi na nane, nadhani Kigiriki kilishawachosha.

Haya, turudi kwenye bilioni maana hapo ndo watu wanapotea. Unywele mmoja wa kichwani unene wake ni kama nanomita 80,000 mpaka 100,000 hivi. Kirusi cha Korona ni kama 100. Sasa ile laini ya nano iliyoingia sokoni 2012 ina urefu wa milimita 12.3, ukizigeuza unapata nanomita milioni kumi na mbili na ushee!! Ila mi sina ugomvi na watu wa laini, walishatumia mini, wakatumia maikro, kimebaki nini? Na ukiangalia vizuri wamelirudisha neno kwa Wagiriki, kitu kifupi, basi. Ugomvi wangu ni na huyo wa haipasuki.

Maana nano ya kweli ipo na ina kazi. Neno nanoteknolojia lilianzishwa na Mjapani, Norio Taniguchi, mwaka 1974, yeye alikuwa anaongelea kuchonga vitu kwa usahihi wa atomi. Hapa kwetu Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi 2015 kwa chujio lake la maji linalochanganya mchanga na hizo chembe za nano.

Lakini kinachonimaliza mimi ni dhahabu. Dhahabu ya Chunya kila mtu anaijua rangi yake, sasa ikifanywa chembe za nanomita 20 hivi halafu zikasambaa kwenye maji, hayo maji yanakuwa mekundu kama juisi ya rosela, na hakuna rangi iliyotiwa humo, ni vile chembe zikishakuwa ndogo kiasi hicho mwanga unazipiga kivingine. Michael Faraday aliliona hilo London mwaka 1857, nanomita yenyewe haijazaliwa.

Na wewe umeshaiona, labda hujui tu. Ukienda zahanati wakakutoboa kidole, wakadondosha damu kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria, ule mstari mwekundu unaojichora taratibu, kwenye vipimo vingi ni chembe za dhahabu zimekusanyika pale. Cha mimba nacho vingi ni hivyohivyo. Usiende kukikwangua sasa, humo haitoki hata hela ya daladala.