Tope linapogoma kutuama: ninavyotafuta chanzo kwenye mtambo wa majitaka wa jengo

Maji yanayotoka mtamboni yakianza kubeba tope, wengi hukimbilia kuongeza hewa. Mimi huanza na silinda ya kupimia ya lita 1. Nachota kwenye tangi la hewa blowa (mashine inayosukuma hewa majini) ikiwa inafanya kazi, najaza hadi alama, naiweka mbali na jua na mtikisiko, kisha nasoma usawa wa tope baada ya dakika 30.

Likishuka hadi ml 200 au 300 na maji ya juu yakawa maangavu, bakteria wanaounda tope hilo na kusafisha maji wako sawa. Hata hivyo siimwagi silinda. Naiacha saa 2 zaidi. Tope likianza kupanda mabonge mabonge yenye viputo, hiyo ni gesi ya naitrojeni: limekosa oksijeni, bakteria wakageukia ile iliyo ndani ya naitrati, chumvi yenye naitrojeni iliyomo majini. Basi kwenye tangi la kutuamisha nalo linalala chini muda mrefu mno. Naongeza kasi ya pampu ya kurudisha tope kwenye tangi la hewa.

Kazi ngumu ni pale tope linapobaki ml 850. Hapo nachukua silinda ya pili: nusu mchanganyiko uleule, nusu maji yaliyokwisha kusafishwa na mtambo, kabla hayajatiwa klorini. Ikisoma ml 200, tope limekuwa jingi kupita kiasi, linabanana. Nalipunguza polepole, kiasi ninachotoa kwa siku sikibadilishi kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, maana ukilimwaga kwa pupa unabaki na bakteria wachache na povu jeupe tele.

Ikisoma ml 400 na zaidi, kuzimua hakujasaidia kitu: tope limepungua nusu, na ujazo nusu. Hao ni bakteria wa nyuzinyuzi, ambao nyuzi zao hulizuia tope kushuka, na mara nyingi chanzo ni oksijeni kidogo au mafuta ya jikoni yanayopita mtego wa mafuta uliojaa. Sasa ndipo hewa inapopimwa. Nataka mg 2 kwa lita katikati ya tangi. Naangalia pia uso wa maji: panapochemka kwa mapovu makubwa, difyuza (kifaa cha chini ya tangi kinachotoa hewa kwa viputo vidogo) imepasuka, palipotulia, imeziba. Presha ya blowa ikipanda kuliko kawaida, difyuza nyingi zimeziba. Ikishuka, kagua mkanda, chujio la hewa na viungo vya bomba.

Klorini kwenye tope linalorudi naiacha iwe ya mwisho kabisa. Inaua nyuzi, lakini haiwabagui bakteria wanaofanya kazi, na chanzo kisipoondolewa nyuzi hurudi.