Nilivyorudi kuandika kwenye kaunta buku langu, pamoja na habari za laptopu isiyo na herufi a

Naandika hii nikiwa na hasira kidogo. Nina binamu yangu yuko Dar, kazi yake ni kunitumia vivideo vya wale wahamasishaji: amka saa kumi na moja alfajiri, andika kurasa tatu kabla hujaongea na mtu yeyote, maisha yako yatabadilika. Sasa mimi nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Saa kumi na moja alfajiri niko mwaloni nimejifunga kanga mbili nasubiri vipe, ile mitumbwi ya kuvulia dagaa, virudi kutoka ziwani, na hapo ukitaka kunyamaza "kabla hujaongea na mtu" wenzako wanabeba dagaa wazuri wote, wewe unabakiziwa wale waliopondeka chini ya mtumbwi. Sijui huyo mhamasishaji alfajiri huwa anauza nini.

Tuanze vizuri. Mimi nilikuwa naandika toka shule, visa vya siku tu, nani kagombana na nani kwenye mizani, mvua ilivyotukuta tumeanika, bibi yangu wa Ujiji alivyomjibu mchuuzi wa mawese. Alafu nikaacha, na hakukuwa na msiba wala nini, ni vitu vidogovidogo vilipangana foleni. Simu yenye maandishi yangu ikaingia ziwani, mtoto akaumwa, mvua ikala mzigo mchangani, nikasema nitaanza Jumatatu, Jumatatu ikafika na mgeni kutoka Kasulu, basi ndo ikawa hivo.

Mipango niliyopanga hapo katikati ikafa ni mingi mpaka inachekesha. 2024 ziwa lilifungwa kupumzishwa, Mei mpaka Agosti, hakuna kuvua. Nikamwambia baba watoto, hii ndo nafasi, miezi mitatu sina dagaa wa kukimbilia, nitaandika mpaka kalamu iombe poo. Wee! Nani aliniambia mtu asiye na hela anakaa akaandika? Hiyo miezi yote nilikuwa juu ya bodaboda natafuta mawese vijijini niyalete mjini kuuza, nikirudi nanuka mafuta mpaka masikioni, naanguka kitandani hata kandambili sijavua. Hakikuandikwa kitu. Ziwa likafunguliwa, nikarudi kwenye dagaa.

Mpango mwingine ulikuwa kwenda hifadhi ya Gombe. Boti za kwenda Gombe zinatokea hapo hapo Kibirizi ninapouzia, wageni wanatoka nchi za mbali kuja kuona sokwe ambao yule mtafiti Jane Goodall alianza kuwafuatilia 1960, na mimi naona boti inaondoka kila siku sijawahi kupanda. Nikadunduliza hela, nikasema nitaenda na watoto alafu niandike safari yote, iwe ndo kurudi kwangu kwa kishindo. Siku yenyewe upepo wa kusini ukavuma, mawimbi yanapiga mpaka kwenye vibanda, nahodha akatuangalia na vikapu vyetu akasema mama rudini nyumbani. Nauli ikaenda kwenye unga.

Haya, laptopu sasa. Binamu alinishawishi kwamba tatizo langu ni vifaa, "mwandishi siriasi hatumii daftari". Kuna kijana Mwanga, hapa hapa mjini, anauza za mtumba, nikamlipa laki mbili na kidogo, na dagaa wa juu kama sado hivi ndo akakubali. Nafika nyumbani nawasha, inawaka vizuri, naanza kuandika, kila herufi ipo isipokuwa a. Jamani. Ingekuwa q au x ningemshukuru Mungu, maana hizo kwetu hazina kazi. Lakini a! Niliandika "Leo simu yangu" ikatoka "Leo simu yngu", nikaandika "dagaa" ikabaki "dg". Kijana akasema hiyo kibodi inaagizwa Dar, nisubiri.

Mimi sikukata tamaa, mimi ni mjanja. Nikatafuta neno lenye a kwenye faili la zamani la mwenye laptopu, nikakopi ile a moja, kila nikiifikia naipesti. Napiga d, napesti, napiga g, napesti, napesti. Mtoto wangu wa kwanza akanikuta akasema mama unapigana na nani? Nilijiona fundi kweli, nikamaliza aya nzima ya kisa cha mvua, ila ilichukua muda ambao mtu angepika maharage yakaiva. Alafu umeme ukakatika, betri ya mtumba haikai hata dakika, aya yote ikayeyuka. Ile laptopu sasa hivi watoto wanaangalia katuni. Kwa hiyo wewe unayesoma, mtu akikwambia tatizo lako ni vifaa muulize kwanza anauza nini.

Kilichonirudisha kilianza na mwezi. Sisi wa dagaa tunajua, dagaa wanavuliwa siku za giza, taa ndo inawavuta wanakusanyika. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linang'aa, taa haina kazi tena, wavuvi wanapumzika wanashona nyavu. Yani kila mwezi nina siku kadhaa za mbalamwezi ambazo sina haja ya kukimbilia mwaloni alfajiri, na miaka yote nilikuwa nazilalia tu. Nikaamua siku za giza nisijisumbue kabisa, hata nikiwaza kisa nikiache kipite, mbalamwezi ndo zamu ya daftari. Mambo ya kila siku bila kukosa niliwaachia wenye mishahara.

Nikanunua kaunta buku la kwaya mbili, lile gumu, maana jembamba linalowa unyevu wa dagaa na kurasa zinashikana. Na liweke mbali na paka, nakwambia ukweli, la kwanza lilikuwa linanukia samaki, paka wa jirani akalitafuna kona.

Lakini mwezi peke yake hautoshi, mtu akiwa na nafasi anatafuta vyombo vya kuosha. Hapo ndo nikaenda kwa mama wa chai. Nikampa hela ya mbele, elfu kumi na kitu, nikamwambia mama, siku za mbalamwezi nikija na ukurasa mpya nikausoma hapa, nipe chai na vitumbua. Nikija mikono mitupu nipe chai ya rangi, vitumbua vyangu wape hawa vijana wa bodaboda. Akacheka akasema mwanangu umerogwa, lakini hela akaweka kwenye khanga.

Sikujua nimejitafutia maadui. Wale vijana wakishajua kwamba nisipoandika wao wanakula, wakawa wananivuruga kwa zamu. "Shangazi kuna mteja anakuulizia Katonga." "Shangazi gunia lako limeanguka." Naenda, hakuna mteja wala gunia, narudi nawakuta midomo inang'aa mafuta. Siku moja nikajaribu ujanja, nikasoma ukurasa wa zamani, ule wa bibi na mchuuzi wa mawese, nikabadilisha jina la mtaa tu. Nimefika katikati, yule mfupi wao akadakia, "Alafu bibi akamwambia mafuta yako yana maji kuliko ziwa!" Kumbe nilishausoma, nimesahau. Mama wa chai hakusema kitu, akanyoosha mkono akachukua kitumbua nilichokuwa nimeshauma akampa mwingine. Nimeshauma!

Nilichofanya nikaanza kuwaandika wao. Kisa cha huyo mfupi alivyopeleka abiria Ujiji akasahau kumdai, akarudi kumfuata akakuta ni msiba, akaishia kuchanga. Hapo hawakunivuruga tena, wakawa wanauliza shangazi leo nani? Kila mtu anataka mwenzake aandikwe.

Pale kwa chai huwa anakaa mzee mmoja alikuwa fundi mashine melini, sasa kastaafu. Yeye ndo alinipa kitu kikubwa kuliko video zote za binamu. Nilikuwa nalalamika kwamba zikija siku za giza nakaa wiki mbili tatu bila kushika kalamu, nikirudi naona daftari geni, sijui nianzie wapi. Akaniuliza, mwanangu Liemba unaijua? Kigoma nani haijui ile meli. Akasema Wajerumani waliitengeneza kwao 1913, ikaja kwa masanduku mpaka Dar, ikapanda reli ikaunganishwa hapa hapa, 1915 ikaingia majini. 1916 vita vimewaelemea wakaizamisha wenyewe adui asiipate. "Lakini kabla ya kuizamisha, mashine zote walizipaka grisi nzito." Waingereza wakaja kuinua 1924, mashine ziko salama, 1927 ikarudi kazini. Akanywa chai yake akasema, "Sasa wewe ukiacha kuandika unapaka grisi?"

Nilikaa na hilo swali mpaka chai ikapoa. Siku hizi kabla siku za giza hazijaingia, kabla sijafunga daftari, nafungua ukurasa mpya naandika juu nusu sentensi, naikatia pale penye utamu. Mfano niliandika "Yule mama aliyekimbia na deni nilimfuata mpaka ndani ya boti, nikamkuta amekaa na" nikafunga. Wiki mbili nazunguka na dagaa kichwani nina hamu ya kummaliza yule mama. Ila na wewe uwe unakumbuka, maana mara nyingine niliacha "akatoa mfukoni" na niliporudi sikumbuki alitoa nini, nikaandika kisu, mwenyewe yule mtu akawepo pale kwa chai akasema mimi nilitoa kitambaa, usinitafutie kesi.

Na usipige mstari kwenye makosa ukaanza upya ukurasa, karatasi hela. Tarehe pia mimi siandiki, naandika giza au mbalamwezi inatosha.

Kaunta buku la kwanza limejaa, niko kwenye la pili. Gombe sijafika bado, lakini kisa cha kutokufika kina kurasa nne na ndo wanachokipenda sana. Juzi binamu kanipigia, kasikia narudi kuandika, anadai kuna kozi ya uandishi ya mtandaoni, elfu hamsini tu kwa vile ni ndugu. Nikamwambia kaka, ile hela ya dagaa kilo tano niliokutumia na basi bado hujalipa, ukilipa tutaongea kozi. Kakata simu. Nimeshaandika nusu sentensi yake.