Mjomba Alipoukata Mshipi Wangu

Ndala ya binti yangu ilikatika jana, ya kushoto, pale kwenye kidole. Akaitupa karibu na pipa, nami nikaiokota. Sikujua naiokotea nini mpaka nilipojikuta nimekaa kibarazani na kisu cha jikoni, nimeshachonga kisigino chake kipande kama gololi, natafuta msumari wa kukitobolea.

"Baba, unatengeneza nini?"

"Boya."

Akacheka mpaka akakaa chini, maana kwao boya ni tusi. Alipomaliza kucheka akauliza la kufanyia nini, na hapo nikakwama. Maji ya karibu na hapa ni ya bomba, na hayo yenyewe yanakuja Jumanne na Ijumaa.

Ilikuwa 1998, navua samaki na mjomba wangu, yule mwenye redio. Mvua za El Nino zilikuwa zimelipandisha Ziwa Victoria, na jiwe letu pale Igombe, Mwanza, tulilozoea kukalia huku miguu inaning'inia, lilikuwa limebaki mgongo tu juu ya maji, kama kiboko aliyelala. Tukahamia jiwe la nyuma yake. Kumbukeni hilo jiwe.

Kipimo changu nilikuwa nacho. Mshipi wa kuvulia uwe sawa na mwanzi, upungue shubiri moja. Ukiusimamisha mwanzi, ndoana inakuja yenyewe mpaka kwenye ngumi iliyoshika kitako. Alinifundisha mjomba huyo huyo, na asubuhi kipimo hicho kilikuwa hakina mpinzani. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu, uko mgongoni, ziwa limelala. Unarusha, mshipi unanyooka wote, boya linatua mbali na kivuli chako. Sato ni mwoga. Maji yakiwa matulivu halafu ukatumia mshipi mfupi, ncha ya mwanzi inakaa juu ya kichwa chake kama fimbo ya mwalimu, na nani atakula hapo?

Kwenye saa sita upepo ukageuka, ukatoka ziwani, ukatupiga usoni. Mshipi ukawa unavimba kama tanga na kulivuta boya upande. Sato hamezi kwa pupa, anaonja na kutema. Mimi nikivuta, navuta kwanza ule upinde wa mshipi, na ndoana ikishtuka yeye ameshaenda zake, kaniachia nyungunyungu aliyenyonywa, ngozi tupu. Mara nne hivyo. Halafu upepo ukaanza kuyasukuma magugu maji kuja ufukweni, na mwaka ule magugu yalikuwa ya kutisha, ungedhani ni shamba. Mbele yetu pakabaki matundu matundu, kila moja kama beseni.

Mjomba akauchukua mwanzi wangu bila kuniuliza. Akafungua fundo la nchani, akanyoosha mikono akapima pima moja kuanzia kwenye boya kwenda juu, akatia mshipi kwenye meno.

Tak.

Ule mlio ninao mpaka leo. Mshipi ule niliununua kwa hela ya chupa nilizookota tangu Januari. Akafunga fundo upya, na kipande kilichobaki, karibu nusu ya mali yangu, akakizungushia vidole viwili, akakitia mfuko wa shati.

"Boya sijaligusa," alisema. "Kina ni kile kile, kilichobadilika ni upepo. Shusha hapo kwenye tundu, usirushe."

Nikashusha kwa hasira. Ncha ya mwanzi ilikaa juu kabisa ya boya, mshipi umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Upepo ulipiga na boya halikwenda popote. Na halikuzama, nasema kweli. Lilijiinua kidogo, likalala ubavu. Nikavuta.

Alikuwa sato wa kujaza sahani, mkia nje. Akatoka kwenye lile tundu akipiga maji, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Mshipi mrefu unakuletea samaki kifuani. Mfupi unakuachia samaki huko huko nchani, na wewe uko kitakoni, pima mbili na nusu mbali naye. Nikarudi nyuma ili nimvute kuja nchi kavu, kitako cha mwanzi kikagonga jabali lililokuwa mgongoni. Jiwe letu la zamani lilikuwa na nafasi nyuma. Hili halikuwa nayo.

Basi nikausimamisha mwanzi wima. Sato akaja akaning'inia juu ya kichwa changu kama taa ya ukumbini. Nilimwona tumbo, jeupe, na mapezi yamefunguka, na maji yake yakinidondokea usoni. Nikaruka mkono mmoja, kama mtoto anayeangua embe. Nikaruka tena. Mwanzi ukayumba, yeye akajipinda mara moja tu, mdomo ukachanika.

Akaangukia juu ya magugu, na magugu yakambeba! Alilala pale juu ya majani, kwenye maua ya zambarau, anatuangalia, muda wa kutosha mjomba kuingia majini mpaka mapajani, yeye aliyekuwa akinikataza kila siku kwa ajili ya mamba na kichocho. Akamrukia. Akainuka ameshika konzi ya majani.

"Kumpata umempata, mjomba," aliniambia, kwani na mimi aliniita hivyo.

"Sasa yuko wapi?"

"Hilo swali lingine."

Tukarudi na furu watatu wa kumpa paka. Kile kipande changu nilikiona wiki hiyo hiyo: kimefunga mfuniko wa betri za redio yake, kwa mafundo mazuri sana.

Ziwa limeshuka na kupanda tangu hapo. Mwaka 2006 lile jiwe la kwanza lilikuwa nchi kavu kabisa, mbuzi wanapumzika kivulini mwake. Mwaka 2020 maji yakapanda kuliko hata mwaka ule. Jana usiku nimempigia mjomba, siku hizi anasikia kwa shida, nikamuuliza kama aliukata ule mshipi kwa sababu ya upepo au kwa sababu ya redio. Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Ile redio unayo wewe?"

Binti yangu ameshalifunga boya kwenye uzi wa cherehani, anataka kulishusha kwenye ndoo ya maji pale sebuleni. Kaniuliza uzi uwe mrefu kiasi gani.

Nikamuuliza kama feni imewashwa.