Siku Zangu za Umisionari Kumasi

Tangu nilipotoka Nairobi kuja Ghana kulitumikia Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kila siku huianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa sala, kisha nasoma Kitabu cha Mormoni na mwenzangu, ambaye huambatana nami kila mahali, kwani mmisionari hatembei peke yake. Wavulana hutumikia miezi 24 na wasichana miezi 18, wote bila mshahara.

Kinachonigusa zaidi ni ukarimu wa Waasante, wenyeji wa hapa Kumasi: hata asiyetaka mafundisho yetu hutupa kwanza viti na maji ya kunywa, ndipo atuulize tumeleta habari gani, nami huona heshima hiyo inastahili kujibiwa kwa kusikiliza kabla ya kuhubiri.

Jumatatu tunafua, tunanunua chakula na kuwapigia wazazi simu. Kabla ya 2019 simu hizo ziliruhusiwa mara chache tu kwa mwaka. Sasa ni kila wiki, na naamini uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu kijana aliye ugenini hutumika kwa moyo mkunjufu akijua kwao ni wazima.