Mkokoteni Ulitupita

Niliipenda kwa macho kabla ya kuuliza injini yake ni ya ukubwa gani, na hapo ndipo nilipokosea. Ilikuwa skuta mpya yenye sura ya kizamani: rangi ya malai, taa ya duara iliyozungushiwa kromu, siti ya kahawia yenye mishono myeupe. Mwaka ule wa 2019 Likoni nzima haikuwa na nyingine kama ile, au ndivyo nilivyojiaminisha. Spidomita iliandikwa mpaka 120. Mshale haukuwahi kugusa 60, na usingegusa ila ningeitupa kutoka daraja la Nyali.

Injini ilikuwa ya cc 50. Boda za mtaani kwetu huanzia 100.

Ami yangu, fundi wa magari mstaafu, aliizunguka mara mbili kimya, kisha akaigonga ubavuni kwa ukucha.

"Plastiki," akasema.

Yeye alikuwa na Vespa ya kweli miaka ya sabini, bati tupu, ya kuchanganya oili na petroli, gia unazikata kwa mkono wa kushoto.

"Wajua vespa ni nini kwa Kitaliano? Nyigu. Waliipa jina hilo tangu 1946. Sasa hii yako, mwanangu, haina mwiba."

Lakini Ijumaa moja ilimbidi aipande. Nikaha ya binamu yangu ilikuwa Mji wa Kale baada ya Alasiri, Ami ni shahidi, na gari lake liko gereji. Akaja na kanzu imepigwa pasi, kofia iliyodariziwa, na zile kilo zake ambazo hakuna aliyewahi kuthubutu kuziuliza.

Kuteremka kuingia ferini hakukuwa na tabu. Mteremko hauombi injini. Upande wa kisiwani, maji yalikuwa yamekupwa, na anayevuka Likoni anajua: maji yakikupwa, feri hukaa chini na kile kilima cha kutokea husimama mbele yako kama ukuta. Nikazungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho. Sauti ikapanda, mwendo ukashuka. Skuta hizi hazina gia za kukata. Kuna mkanda wa mpira unaovuta gurudumu la nyuma, na ukizidiwa huteleza tu kwenye pulei zake. Nilisikia harufu ya mpira unaoungua kabla sijatambua kwamba tumesimama. Kisha tukaanza kurudi nyuma. Nikabana breki zote mbili.

"Ami, shuka kidogo, tafadhali."

"Nishashuka zamani, mwanangu."

Nikageuka. Yuko chini, kanzu ameipandisha mpaka magotini, mkono mmoja umeshika kofia. Pembeni yetu ukapita mkokoteni wa madafu, vijana wawili wanausukuma, "Pisha! Pisha!", mmoja wao hana hata viatu. Kijana mwingine akatoa simu aipige picha skuta, akaniomba nisisogee. Kana kwamba nilikuwa nasogea.

Niliisukuma mpaka juu, shati limenilowa mgongoni. Ami alikuwa ameshaketi kwenye tuktuk.

"Nifuate," akasema.

Nikamfuata. Kufika Barabara ya Digo, tuktuk haionekani tena.