Siku moja maishani mwangu: Nilipowarudisha walimu wenzangu PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea

Saa kumi na moja alfajiri

Njoro ina baridi kali mwezi wa Agosti. Nilibandika chai, kisha nikaufungua tena mfuko wa gunia niliokuwa nimeufunga usiku. Ndani mlikuwa na vifuniko vya soda 400, nilivyovikusanya tangu Mei kwa wenye vioski na hoteli za pale steji, nikaviosha kwa maji moto na kuvianika. Juu yake nilipanga trei za mayai nilizozikata vipande vya mashimo kumi, safu mbili za matano matano.

Shule zimefungwa, lakini leo walimu wa chekechea tulikuwa na warsha mjini Nakuru. Nimefundisha miaka 9 na nimehudhuria warsha nyingi. Hii ilikuwa ya kwanza kwangu kusimama mbele: nilipewa dakika 45 za somo la hesabu.

Saa kumi na mbili na nusu

Ndani ya matatu gunia nililipakata. Kila tukipita tuta, vifuniko vinalia. Mama mmoja aliyeketi kando yangu aliniuliza kama naenda kuuza vyuma. Nikamwonyesha trei, nikamweleza. Akasema mjukuu wake yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea, na anahesabu hadi hamsini bila kupumua. Nilimwomba akifika nyumbani amtume vijiko sita, aone ataleta vingapi.

Njiani niliwaza kwa nini siku kama hii ina uzito hivi kwetu. Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti. Wenzetu wa shule za msingi za umma wako chini ya TSC, tume ya taifa inayoajiri walimu. Sisi tuko chini ya kaunti, na wengi wetu tuko kwa mikataba. Kwa hiyo mafunzo kazini hayatufikii kwa ratiba moja ya nchi nzima. Yanategemea kaunti yako, mfadhili akipatikana, au walimu wenyewe wakijipanga. Hii ya leo tuliipanga wenyewe kupitia kundi letu la WhatsApp, afisa wa ECDE, yaani elimu ya chekechea, wa wadi akatushika mkono, kila mtu akachangia chakula.

Niliwahi kuhudhuria mafunzo ya siku nzima ambapo tulisomewa maandishi ya projekta neno kwa neno, kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha tukapewa vyeti tukaenda. Cheti kile ninacho hadi leo. Jumatatu iliyofuata niliingia darasani na watoto wangu 34, nikafundisha vile vile nilivyofundisha Ijumaa.

Saa mbili asubuhi

Ukumbi wa kanisa, karibu na uwanja wa Afraha. Walimu 38, wengi kutoka Njoro, wengine wametoka Molo na Elburgon wakiwa wameamka kabla yangu. Tukajiandikisha, tukaomba, tukakaa.

Saa tatu asubuhi

Niliwaomba waweke kalamu na daftari chini ya viti.

Mimi ni mzaliwa wa Ahero, kwa hiyo nilianza na nambari za kwetu, moja hadi kumi kwa Kijaluo. *Achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich, auchiel, abiriyo, aboro, ochiko, apar.* Tuliziimba kwa makofi, mara tano, mara sita, mpaka ukumbi wote ukaziweza. Walimu watatu Waluo waliokuwemo nilikuwa nimewaomba mapema wanisaidie kuimba tu, wasijibu. Kila mmoja alikuwa na rundo la vifuniko mbele yake. Nikasema:

"Nipeni *abiriyo*."

Kimya. Halafu midomo ikaanza kucheza. Mwalimu mmoja wa mstari wa mbele, mtu mwenye zaidi ya miaka 20 kazini, alirudi mwanzo wa wimbo akiinua kidole kimoja kwa kila neno. Alipofika *auchiel* akapotea, akaanza upya. Jirani yake aliimba kwa kasi ya makofi huku mkono ukivuta vifuniko polepole. Alipotamka *abiriyo* alikuwa na vitano. Nikauliza, kati ya *abich* na *aboro*, ni ipi kubwa? Wote wakarudi kwenye wimbo. Nikawaambia wahesabu kutoka *apar* kurudi nyuma. Hakuna aliyevuka *ochiko*.

Hapo ndipo nilipowaambia: hivi ndivyo alivyo mtoto wa miaka minne mbele yako anapoimba moja hadi ishirini. Wimbo anao. Kilichobaki ni kazi nyingine mbili ambazo wimbo haumpi. Ya kwanza, neno moja kwa kitu kimoja, asiruke wala asirudie. Ya pili, ajue kwamba neno la mwisho alilotamka ndilo jibu la "ngapi". Ndiyo maana mtoto akimaliza kuhesabu vifuniko vitano, ukamwuliza ni vingapi, anaanza tena: moja, mbili, tatu. Anadhani "ngapi" ni amri ya kuhesabu. Hajui bado kwamba jibu ameshalitoa.

Yule mwalimu wa mstari wa mbele aliinua mkono. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi huwaambia, si umehesabu sasa hivi? Huwa nawakaripia." Ukumbi ulinyamaza. Mimi pia nimewahi kukaripia hivyo, nikamwambia.

Kisha tukagawa trei. Shimo moja, kifuniko kimoja, neno moja. Mkono wa mtoto hauwezi kuukimbia mdomo kwa sababu shimo linaungoja. Akijaza safu ya kwanza, anaona tano bila kuhesabu. Akiongeza viwili safu ya pili, anaona saba kama tano na mbili. Trei tunazipata bure kwa wauza mayai. Mwalimu wa Molo akasema kwao vifuniko ni adimu, lakini magunzi yamejaa kila boma, na yakikatwa vipande vyembamba yanatosha mashimoni. Akasema hivyo na nikaandika mimi. Kisha akauliza kama mtoto afundishwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Nikamjibu: lugha ya eneo ndiyo inayotakiwa katika chekechea, na kwetu, ambako darasa moja lina Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya na Waturkana, Kiswahili ndicho wanachochezea uwanjani. Mwacheni ahesabu kwa lugha anayochezea.

Dakika 45 zilikwisha nikiwa bado na mengi.

Saa nne na nusu

Chai na mandazi. Mwalimu wetu mkongwe, anayekaribia kustaafu, alinivuta kando. Yeye alisomea DICECE, vile vituo vya wilaya vya kufunza walimu wa chekechea vilivyoanza 1985, mwaka mmoja baada ya kituo cha taifa, NACECE, kuanzishwa. Kozi ilichukua miaka miwili. Walisoma wakati wa likizo, na shule zikifunguliwa mkufunzi aliwafuata darasani.

"Mwanangu," akaniambia, "nilichojifunza likizo nilikisahau nusu. Nilichoonyeshwa na mkufunzi akiwa amechuchumaa kando yangu na watoto wangu, hicho ninacho mpaka leo."

Maneno yale yalinikaa moyoni kutwa nzima.

Saa tano na nusu

Afisa wa EARC, kituo cha kuwachunguza watoto wenye mahitaji maalum, alitufunza kutambua mtoto asiyesikia vizuri. Hakuleta mashine. Alisimama nyuma ya mwalimu mmoja akamnong'oneza jina lake, kwanza karibu, kisha akirudi hatua moja moja. Akasema tuangalie mtoto anayegeuza sikio lile lile kila mara, anayekutazama mdomo badala ya macho, anayengoja wenzake wafanye jambo ndipo afanye. Kunong'ona hakutoshi kusema mtoto ana tatizo. Kunatosha kukufanya umwite mzazi na kumpeleka akapimwe.

Niliacha kuandika. Nina mvulana darasani ambaye tangu Januari nimemwita mkaidi. Nikiwaambia wasimame, yeye husimama wa mwisho, baada ya kutazama kushoto na kulia. Muhula ukifunguliwa, yeye ndiye wa kwanza nitakayesimama nyuma yake.

Saa saba

Wali, maharagwe, kabeji. Tulikula tukizungumzia mishahara, kama kawaida.

Saa nane mchana

Tathmini. Chekechea haina mtihani. Tunamtazama mtoto akifanya, tunaandika kama anazidisha matarajio, anayafikia, anayakaribia au yuko mbali nayo. Ugumu uko kwa wazazi. Wengi wetu tunabanwa kutoa karatasi za mtihani na kuwapanga watoto namba. Hatukuafikiana tufanye nini mzazi akitishia kumhamisha mtoto. Mimi nadhani mzazi aitwe darasani aone trei, aone mtoto wake akiombwa saba.

Saa kumi

Kabla ya maombi ya kufunga niliomba nafasi. Nikasema maneno ya mwalimu mkongwe, na nikapendekeza tusiachane hivi. Hatuna wakufunzi wa kutufuata, lakini tuna sisi wenyewe. Kila mmoja achague mwenzake wa kituo cha karibu, watembeleane mara moja muhula wa tatu, somo moja la dakika 30, mgeni akae sakafuni na watoto. Wawili walisema wakuu wa shule zao hawatawaruhusu. Afisa wa wadi akasema atawaandikia barua. Jozi 14 zilipatikana papo hapo.

Yule mwalimu wa mstari wa mbele alinijia gunia langu likiwa tayari mabegani. Aliomba vifuniko hamsini. Kisha akaomba awe jozi yangu.

Saa moja usiku

Nimefika, nimekula, miguu naiweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Katika daftari la muhula wa tatu nimeandika mistari miwili. Jina la yule mvulana, siku ya kwanza. Na Alhamisi ya wiki ya pili, saa tatu asubuhi: mgeni darasani, mkeka mmoja zaidi.