Nilivyokwenda Ujerumani kuwa dada

Familia ya Münster iliponiandikia mara ya kwanza, walisema wanatafuta mtu atakayekuwa kama dada mkubwa kwa watoto wao wawili. Nilimtafsiria mama akiwa anachambua mchele kibarazani kwetu Tanga. Akacheka mpaka ungo ukayumba. "Kumbe na Wazungu nao wanatafuta dada!"

Nilinuna. Mimi sikuwa naenda kuwa dada wa kazi, nilikuwa naenda kuwa au pair, kijana anayeishi na familia ya ugenini, akisaidia watoto huku anajifunza lugha yao. Baba ndiye aliyezidi kuniharibia. Alipoliona hilo neno kwenye fomu akavua miwani: "Au pair, au nini kingine?" Nikamweleza kwamba ni Kifaransa, maana yake kwa usawa. Akasema usawa ni jambo jema, ila niulize nani anaosha masufuria.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na sikuwa tayari kuingia chuo. Nikahamia Dar kwa mama mdogo, nikasoma Kijerumani Goethe-Institut pale Upanga mpaka nikapata cheti cha A1, ngazi ya mwanzo, maana bila hicho hakuna viza. Habari za foleni na karatasi za Umoja House, kwenye ubalozi wa Ujerumani, nitaziruka, kila aliyepita pale anazijua.

Maswali ya baba yalijibiwa na mkataba. Saa 30 kwa wiki, zisizidi 6 kwa siku, kwa ajili ya watoto na kazi ndogondogo za nyumbani. Siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki. Wiki 4 za likizo kwa mwaka. Chumba changu mwenyewe. Bima juu yao. Euro 280 kila mwezi, ambazo hawaziiti mshahara bali hela za mfukoni, na 70 nyingine za kuchangia kozi ya lugha. Nilisoma nikaona ubaridi. Familia gani inahesabiana saa?

Jioni ya kwanza waliweka mezani mkate mweusi, jibini, matango yaliyokatwa na soseji baridi. Nikala kipande kimoja kwa adabu nikisubiri chakula. Wakaanza kuondoa vyombo. Kile ndicho kilikuwa chakula! Nililala na njaa usiku ule kwa ajili ya heshima zangu mwenyewe.

Kumwita mama mwenyeji kwa jina lake kulinishinda. Mtu ana umri wa shangazi yangu, nimwite jina tupu kama tumesoma darasa moja? Nikawa namwita Mama Fulani, kwa jina la mwanawe mkubwa. Baada ya wiki mbili akaniuliza kwa upole kama jina lake ni gumu kulitamka.

Lakini aibu kubwa ilinipata kwenye saa. Mwezi wa kwanza niliambiwa nimchukue mdogo chekechea "halb drei". Halb ni nusu, drei ni tatu. Mimi nimezoea kuongeza na kupunguza saa sita kichwani kila nikiangalia simu, basi nikapiga hesabu zangu: tatu na nusu yao ni tisa na nusu yetu. Nikafika tisa na nusu mchana, nimejipongeza kwa kuwahi dakika tano. Mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini na koti lake amevaa, mwalimu pembeni yake. Halb drei ni nusu ya kuelekea tatu, yaani saa nane na nusu. Kila ninapoandika hapa bado masikio yananiwaka.

Mkubwa, wa miaka 7, alinisamehe kabla ya wote, kwa kuwa nilimpa jambo la kunifundisha. Tanga ni mji wa baiskeli, lakini mimi nililelewa kwenye keria. Münster nao wanaishi juu ya baiskeli, na njia inayouzunguka mji wa kale, pale palipokuwa na ukuta, ndipo alipokuwa akinitangulia akipiga kelele, "Breki! Breki!" Yeye nilimfundisha kwamba "shule" tumeitoa kwao, na "hela" imetokana na Heller, sarafu waliyoitumia walipotutawala. Akauliza mbona tulichukua maneno machache hivyo. Jibu nilikuwa nalo, nikalimeza.

Sasa nije kwenye Jumapili moja ya mwezi wangu wa tatu kule. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nikashuka jikoni, nikamkuta mama mwenyeji anasugua sufuria. Kwetu hukai ukamwangalia mtu mzima anaosha vyombo. Nikachukua sponji. Akainyang'anya, taratibu lakini kwa nguvu: "Leo hufanyi kazi." Nikapanda chumbani nikalia. Nilijiona nimefukuzwa jikoni kama mgeni asiyeaminika.

Wiki chache baadaye mdogo akashikwa na homa, wazazi wote wana kazi, nikakaa naye mfululizo. Kwenye friji palikuwa na karatasi ya saa zangu, imebanwa na sumaku ya umbo la twiga (ya kunifurahisha, nadhani). Mama mwenyeji akajumlisha, ikatoka 36. Wiki iliyofuata akanipunguzia saa 6. Hakusema asante nyingi. Alinirudishia tu, kama konda mwaminifu anayekumbuka chenji yako kabla hujashuka.

Usiku ule nikamkumbuka dada yetu. Alikuja kwetu mimi nina miaka minne, yeye mwenyewe hajafika kumi na nane. Aliamka alfajiri kuwasha jiko na alilala baada yetu, chini, kwenye mkeka, chumba kimoja na sisi watoto. Tulimpenda. Tulimwita dada, na mama alimnunulia dera kila Idi. Karatasi kwenye friji haikuwepo. Na mimi ndiye niliyenuna kufananishwa naye.

Mama akanitafutia namba yake. Siku hizi yuko Muheza, anauza vitumbua. Nilipojitambulisha akapiga kigelegele.

"Wanakulaza wapi huko?"

"Nina chumba changu, dada."

"Na Jumapili?"

"Jumapili napumzika. Na Jumatano kuanzia mchana."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia mafuta yakichemka. Nilitaka kusema kitu, Kiswahili changu chote kikanikimbia.

"Na hao watoto," akauliza, "usiku wanalia kama mlivyokuwa mkilia nyinyi?"

"Wakilia usiku wanamwamsha mama yao. Usiku haumo kwenye saa zangu."

Akacheka sana, kisha nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, "Hebu njoo usikie, eti huko usiku haumo!"